Dirisha la kuteleza, la bawaba au la luva: lipi linafaa chumba kipi?

Mjenzi Mpya
Wakuu, nyumba yangu imefika kwenye lenta (boriti ya zege juu ya milango na madirisha) na fundi ananishauri niweke madirisha ya kuteleza nyumba nzima, kwa madai kwamba ni rahisi kutunza. Naomba mnilinganishie na yale ya bawaba na ya luva (vipande vya kioo vilivyopangwa kimoja juu ya kingine), hasa kwa upande wa hewa, mvua na usalama.

Fundi Fremu
Ndugu, la kuteleza halihitaji nafasi ya kufungukia, hivyo linafaa panapopita watu, kama barazani. Hata hivyo, lenye vioo viwili hufunguka nusu tu, kwa kuwa kioo kimoja hujificha nyuma ya kingine: dirisha la upana wa mita 2 hukupa hewa ya mita 1. La bawaba hufunguka lote, na likifungwa hubana mpira wa fremu pande zote nne, jambo linalozuia upepo na vumbi vizuri zaidi kuliko zile brashi (nywele za kuziba mwanya) za la kuteleza. Kasoro yake ni kwamba likifungukia nje, nondo na wavu wa mbu hulazimika kukaa ndani, nawe utahitaji upenyo wa kulifikia komeo.

Mama Nyumba
Hilo la urahisi wa kutunza silikubali. Mchanga hujaa kwenye reli ya chini hadi magurudumu yakwame, na vile vitundu vya kutolea maji vikiziba, mvua kubwa hufurika na kumwagikia ndani.

Kidato
Luva hupitisha hewa karibu dirisha zima, ila haizibi sawasawa, na mwizi anaweza kuchomoa vioo kimoja kimoja bila kelele. Mimi ningeiweka stoo tu, tena nyuma ya nondo.

Fundi Fremu
Bafuni chagua lenye bawaba juu, kwani kioo kikisukumwa nje hugeuka kipaa na unaweza kuliacha wazi mvua ikinyesha. Vyumba vya kulala viwe na la bawaba ya pembeni, na angalau grili moja katika kila chumba ifunguke kutoka ndani bila kutafuta ufunguo, maana moto ukizuka mlangoni, dirisha ndiyo njia iliyobaki.

Mjenzi Mpya
Nashukuru. La kuteleza litabaki upande wa baraza pekee, na hizo grili nitamwambia mchomeleaji kabla hajakata nondo.