Tupeane uzoefu: jaribio la kuotesha maharage darasani, kwenu lilikwendaje?

Mwanzisha mada
Wadau, habari za majukumu. Nafundisha sayansi darasa la tatu, na wiki ijayo tunaingia kwenye uotaji wa mbegu. Kwangu hili ndilo jaribio zuri kuliko yote ya shule ya msingi. Mtoto anashika kitu kikavu kigumu kama kokoto, anakiwekea maji, na baada ya siku chache kina mzizi. Lakini kitabu kinalimaliza kwa mistari michache, na darasani hutokea mengi ambayo kitabu hakiyataji. Walimu, wazazi, na hata mliolifanya mkiwa wanafunzi, mwageni uzoefu. Zaidi nataka kujua hili: mbegu ya mtoto mmoja ikigoma kuota na za wenzake zote zimeota, mnafanyaje?

Mwalimu wa darasa la pili
Mkuu, kabla ya kuotesha, anza kwa kupasua. Loweka maharage usiku kucha, asubuhi kila mtoto amenye ganda la lake kwa kucha, halafu atenganishe pande mbili taratibu. Ndani, ubavuni, kuna mmea mdogo kabisa: kimzizi, na juu yake vijani viwili vilivyokunjwa. Darasa langu hunyamaza wakiviona. Ukishawaonyesha hapo, huna haja ya kueleza sana kwamba mbegu ni kitu hai kinachosubiri.

Kisha glasi. Zungushia karatasi ya kufyonza maji upande wa ndani, jaza pamba katikati ili iibane, halafu penyeza maharage kati ya karatasi na kioo. Kila kitu kitaonekana kwa nje. Maji yakae chini tu, karatasi itayavuta yenyewe hadi juu. Mbegu isizame: inahitaji hewa kama inavyohitaji maji, na ikizama inaoza na kunuka.

Mzazi
Mimi naongelea hilo la mbegu kugoma. Binti yangu ilimkuta. Alirudi nyumbani kimya, hakutaka hata kula, akisema maharage yake "yamekufa kwa sababu yangu." Mwalimu wake hakumpa glasi mpya. Siku iliyofuata alikaa naye, wakaitoa mbegu ile na kuipasua pamoja. Ndani kulikuwa na tundu la mdudu, na kile kimmea kilikuwa kimeliwa. Mtoto akaambiwa awaeleze wenzake alichokigundua. Alirudi nyumbani mtu mwingine kabisa, anatueleza habari za wadudu mpaka wakati wa kulala. Namshukuru mwalimu yule hadi leo.

Mchangiaji
Mimi huwa nabadilisha jioni wakishaondoka. Watoto wa miaka sita ni wadogo mno kwa huzuni hiyo.

Mwalimu mstaafu
Mwalimu mwenzangu, nakuelewa, ila hapo siafikiani nawe. Ukibadilisha, mtoto anafurahi, lakini daftari lake linasema uongo. Jana kachora mbegu isiyo na mzizi, leo anachora mmea wenye shina. Anajifunza kwamba majibu ya sayansi hutoka kwa mwalimu usiku.

Dawa yake ni rahisi: kila mtoto apewe mbegu tatu, si moja. Ni nadra zote kugoma. Halafu msihesabu ya nani imeota. Hesabuni za darasa zima: tuliweka ngapi, zimeota ngapi. Zilizogoma zinakuwa swali la wote. Mbegu ilikuwa ya zamani? Ilipasuka? Ilizama? Baridi? Maharage hayapendi baridi. Joto la nyuzi 20 hadi 25 hivi linayafaa sana, na chini ya nyuzi 10 huwa hayaoti vizuri.

Mwalimu wa sayansi
Naongezea glasi ya kabatini, maana hapo ndipo watoto hushangaa kwelikweli. Waulize kwanza: ya gizani itaota? Karibu wote hujibu hapana, na wengine husema ni lazima iwe na jua. Andika utabiri wao ubaoni na usiufute. Ya gizani inaota vizuri tu, kwa sababu mbegu ya maharage haihitaji mwanga ili iote. Inatumia chakula kilichomo kwenye zile pande mbili, yaani kotiledoni. Tena ya gizani huwa ndefu kuliko ya dirishani! Shina jembamba, rangi ya manjano, vijani vidogo. Watoto wataanza kubishana kama ndefu ndiyo yenye afya. Waache wabishane muda mrefu, usiwakatize. Baadaye itoeni kabatini, na wataona jani linavyogeuka kijani likipata mwanga.

Mkipata nafasi, mmea ukishatoka, laza glasi moja ubavu. Shina litapinda kwenda juu na ncha ya mzizi itageuka kwenda chini. Charles Darwin na mwanawe Francis walichapisha kitabu kizima kuhusu miendo ya mimea mwaka 1880, kwa hiyo watoto wakiliuliza hili wapo kwenye swali zito.

Mwalimu wa darasa la kwanza
Wangu hawajui rula bado. Kila asubuhi wanakata kipande cha karatasi chenye urefu sawa na mmea, wanakibandika kwenye daftari pembeni ya cha jana. Baada ya muda wana grafu bila kujua kwamba wamechora grafu.

Mzazi mwingine, muuguzi
Tahadhari mbili, tafadhali. Msitumie mbegu za kupandia zilizopakwa dawa. Mara nyingi zina rangi kama waridi au nyekundu, na watoto hawapaswi kuzishika. Pili, wasitafune maharage mabichi. Yana lektini, sumu ya asili inayoleta kutapika na kuhara, na huharibika kwa kuchemshwa sawasawa. Wakimaliza, wanawe mikono.

Mwanzisha mada
Nimeandika yote, asanteni sana. Mbegu tatu tatu, na kabati nimeshalipata. Swali moja: mmea unaweza kuendelea kuishi kwenye pamba?

Mwalimu wa darasa la pili
Si kwa muda mrefu. Pamba haina virutubisho. Utaona kotiledoni zinasinyaa na mwishowe kudondoka, maana akiba imekwisha. Waambie mapema ili wasidhani mmea unaugua. Hamisha kwenye udongo mara tu majani halisi ya kwanza yakifunguka. Usiivute pamba kwenye mizizi, itaikata. Zika na kipande cha pamba kilichong'ang'ania, mwagilia, na chomeka kijiti pembeni kama ni maharage ya kutambaa.