Ukoo wa Bi Mkubwa 🌿

*Jumatano*

*Zuhura (Ohio):* Assalaam alaykum wote. Salim anaondoka Unguja Jumapili. Wamarekani wana sikukuu yao ya shukrani, Alhamisi ya nne ya Novemba, na mie nimeshaahidi kazini pai 6 za boga. Nataka viungo vya nyumbani. Mdalasini wa magome robo, tangawizi kavu robo, karafuu kidogo, kungumanga 10 NZIMA, si za unga.

*Zuhura:* Watu 14 mmesoma. Mbona kimya?

*Salim:* Da Zu, begi lina papa mkavu wa mama. Pai itanukia papa 😂

*Juma (Maskati):* Papa wa boga 😂😂

*Zuhura:* Juma kaa na halua yako.

*Mamdogo Asha:* Waalaykum salaam. Umesahau iliki.

*Zuhura:* Wao hawatii, mamdogo. Mdalasini ndio mwingi, halafu wanaongeza na punje za Jamaika zinazonukia kama vyote hivyo pamoja. Hizo nazipata huku. Dukani kuna kikopo kishachanganywa, kampuni moja inauza tangu 1934, ila ukifungua unanusa vumbi.

*Mamdogo Asha:* Boga bila iliki?! Na tui?

*Zuhura:* Mayai na maziwa ya kopo.

*Juma:* Innalillahi 😭

*Zuhura:* Mnacheka na siku zinakwenda. Mamdogo, Darajani kesho tafadhali. Na Salim anibebee kile kinu cha shaba.

*Rukia:* Kinu kipi?

*Zuhura:* Cha marehemu bibi. Kipo kwako, sote tunajua.

*Rukia:* Nilipewa. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtwangia. Wewe hata msibani ulifika siku ya tatu.

*Zuhura:* Nauli ile niliikopa, Rukia. Usinianze.

*Juma:* [stika ya paka]

*Bi Mkubwa:* Huyu Hanifa naandika, bibi anasema: kinu cha mama yangu hakipandi ndege. Karafuu chukueni zangu za Pemba, tia chembe chache tu, zikizidi ulimi unakufa ganzi. Na boga lisilo iliki msiniletee picha yake.

*Rukia:* 🙏

*Salim:* Shikamoo bibi.

*Zuhura:* Sawa mama.

*Ijumaa*

*Mamdogo Asha:* Nipo Darajani. Kungumanga hizi bado zina basibasi yake, nichukue? Na iliki nimeshanunua.

*Zuhura:* Chukua. Nani atampelekea Salim Fuoni?

*Zuhura:* Jamani?

*Mwinyi:* Waalaykum salaam, ndo naona. Kwani Salim anasafiri lini?