Jikoni yangu imekuwa nyeusi ya moshi, nataka kuitia rangi na kupika mboga ya sezo (ya msimu), munishauri

Bijou_Katuba

Bandugu jambo yenu bote. Niko Lubumbashi, Katuba, lokatere (mpangaji) mu anekse ya vyumba mbili, na jikoni iko nyuma ya parseli, kajumba kadogo ka matofali na manjanja, mabati, juu. Mwenye alikaa mbele yangu alipikia mbabula, jiko la makala, mule miaka mingi sana, kuta zote nyeusi, ukigusa mkono unabaki na mafuta mafuta, hata mchana nawasha toshi ya telefone juu ya kuangalia kama mboga imeiva. Mi napenda kupika lakini mule ndani napika nakimbia, napika nakimbia.

Sasa nilitosha feza ku likilimba, kile chama chetu cha kuchangiana, nikaweka pembeni dola 45, nataka kuipaka rangi, nyekundu ya udongo, manjano, hata buluu kidogo pa mulango, na kikwembe ya maua pa dirisha. Bwana yangu anacheka tu, anasema bukari (ugali) haina macho, unapakia nani.

Kitu ya pili. Kwetu ni bukari na samaki tomson, kesho bukari na sombe, majani ya muhogo, kesho kutwa bukari na tomson. Mvua imeanza, soko imebadilika rangi yote, na mi nanunua vilevile kama ni mwezi wa saba. Nataka kupika vyenye iko inatoka sasa, vyepesi, bila mafuta mingi. Lakini mama yangu alikufa mapema na sikujifunza hivyo vya msimu. Niwaulize: chokaa itashika juu ya ile moshi? Na nianze na mboga gani?

Kadogo_Kenya

Yaya Bijou, tusidanganyane. Dola 45 kwa ukuta wa nyumba ya bayeri, mwenye nyumba? Nunua makala gunia moja, utashukuru mwezi wa pili vile mvua inazuia malori na bei inapanda. Rangi ni ya watu wenye umeme haukatike.

Bijou_Katuba

@Kadogo_Kenya umeme haukatike wapi hapa mjini, unionyeshe hiyo avenyu nihamie leo 😂

Papa_Pinso

Mama Bijou, mi kazi yangu njo hiyo, nimepaka nyumba tangu ujana. Nisikilize vizuri juu wengi wanapoteza feza hapa.

Ile nyeusi ya moshi si vumbi, ni mafuta. Ukipitisha chokaa juu yake leo itaonekana nyeupe, kisha siku mbili tatu unaona madoa ya njano inatoka kama chai, inapita ndani ya rangi. Unapaka tena, inatoka tena. Na chokaa haipendi mafuta, itaanza kubanduka kama ngozi ya muhogo.

Kwa hiyo kwanza brosi ya chuma, sugua kavu, funga kitambaa pa pua. Halafu maji ya moto na sabuni ya unga, sugua kutoka chini kwenda juu ili maji machafu isichore mistari, suuza, rudia mpaka kitambaa kinatoka kijivu na si cheusi. Penye ilizidi, pale juu ya mbabula, hapo chokaa usihangaike. Paka rangi ya mafuta mkono moja, ile inafunga doa, na hapo ubaki na rangi ya mafuta, utaipangusa kila siku. Kuta zingine tatu zenye zimetakata, hizo unapiga chokaa.

Chokaa unaichanganya nyepesi kama maziwa, unatia chumvi kidogo ishike, unalowesha ukuta na maji kwanza, unapaka nyembamba mara tatu, siku kwa siku. Ikiwa mbichi haionyeshe kitu, usikasirike ukaongeza, inapokauka njo inakuwa nyeupe. Udongo mwekundu unachunga kwa kitambaa, unatia kidogo kidogo, ukizidisha rangi kuliko chokaa mkono utabaki mwekundu kila ukiegemea ukuta. Na chokaa inachoma macho, batoto wasikaribie siku hiyo.

Halafu muulize bayeri mbele ya kuanza. Kwa mdomo haitoshi, akuandikie hata kajimeseji.

Mwana_Ruashi

Rangi ya kijani munanunua ya nini na tuko Katanga? Malakiti, lile jiwe la kijani, iko bule, unatwanga unga, unachanganya na chokaa, jikoni inang'aa kama bijuteri!

Papa_Pinso

@Mwana_Ruashi kijana acha hiyo. Unga wa jiwe la shaba mu jikoni, penye batoto wanalamba vidole? Vumbi yake inaingia mu mapafu na mu bukari. Jiwe zima uliweke pa etajeri, ni zuri, mi pia niko nalo. Kulitwanga hapana. Na ule udongo wa rangi rangi wa karibu na machimbo usichukue pia, chukua wa kichuguu. Si njo udongo ule ule tunachomea matofali hapa Lubumbashi?

Mwana_Ruashi

Sawa papa nimesikia. Nilikuwa nataniatania 😅 (kidogo)

Mama_Tente

Bijou mwanangu, nimesoma ile ya mama yako, pole. Keti nikuambie vile mama angekuambia.

Sezo yetu ni mbili tu, mvua na kipwa, wakati wa ukavu. Ukijua nini inafuata nini, hutauliza tena. Mvua ya kwanza kabisa, jioni, unaona inswa, kumbikumbi, zinatoka ku vichuguu zinakimbilia taa. Batoto weka beseni ya maji chini ya taa, zinaanguka. Unatosha mabawa, unakaanga mu sufuria kavu, bila mafuta hata tone, zenyewe ziko na mafuta, chumvi basi. Hiyo ni siku chache, ikikupita imekupita.

Wakati huo huo maembe. Watu wanangojea iive, mi nachukua mbichi bado ngumu, nakata nyembamba kama kibiriti, chumvi, pilipili, kitunguu kidogo, inakaa pembeni ya samaki. Bukari ya moto na ile baridi ya kuchachuka, utaona bwana yako kama atacheka.

Halafu mwezi wa kumi na mbili, wa kwanza, bowa, uyoga. Utawaona pa barabara, bamama wametoka ku pori la miombo asubuhi na vikapo. Kitondo ni ile ya rangi ya machungwa, ndogo, mu sahani inakuwa kama moto. Usiisuuze ikalala ndani ya maji, inakunywa. Tia mu sufuria bila maji, itatoa maji yake, ngoja ikauke, halafu nyanya na kitunguu. Tente ni ile nyeupe kubwa, jina langu hilo hapa 😊 tamu kuliko nyama. LAKINI, na hapa sina mchezo: tente iko na ndugu yake wa kufanana naye anaua, na kupika haiondoe ile sumu. Nunua kwa mama mwenye unamujua, mwenye anachuma tangu utoto, na usichume mwenyewe hata kama umeona foto elfu moja mu telefone. Ukila ukaanza kutapika, usingoje asubuhi, enda hospitali na ile bowa yenye ilibakia.

Kibwabwa, majani ya maboga, yanaanza kuwa mengi mvua ikishakaa. Hiyo wengi wanaiharibu. Kila jani unavunja kamuti kake, unavuta ile nyuzi ngumu kama unamenya, ukiacha inakwaruza koo. Kata ndogo, chemsha kidogo na nyanya, halafu kalanga ya kutwanga, koroga moto ukiwa chini. Robo saa imeisha.

Na hapa njo kuna siri ya ukuta wako. Sombe inapiga saa nzima na zaidi, na lazima iwe hivyo, majani ya muhogo yasipotwangwa na kuchemka sana iko na sumu. Kibwabwa, lengalenga (mchicha), matembele ni dakika. Ukipika vya sezo siku nne, sombe siku moja, makala inapungua na ile nyeusi haitarudi haraka pa rangi yako. @Kadogo_Kenya piga hesabu ya gunia lako hapo.

Kadogo_Kenya

Mama mimi nimenyamaza. Ila maharagwe hamukuyataja, na hayo ni sezo yote na yanakula makala kuliko sombe

Mama_Tente

Yalowekwe usiku mwanangu, yalowekwe! Nani alikulea?

Binti_wa_Kadutu

Jambo kutoka Bukavu. Kwetu mvua inaanza mwezi wa tisa inaenda mpaka wa tano, kwa hiyo lengalenga hatukosi karibu mwaka mzima, na sambaza, samaki wadogo, tunazitegemea ziwa, siyo mvua: usiku wa mbalamwezi wavuvi hawapati kitu juu wanavua kwa taa, basi mi nafuata mwezi wa mbinguni kujua napika nini 😄

Dada Bijou, kuhusu kikwembe pa dirisha: jikoni yangu ni ndogo sana, nilitundika, upepo ukakisukuma mpaka pa babula. Tulizima na maji ya kuosha sahani, Mungu alisaidia. Sasa nimekikata kifupi, kinaishia nusu ya dirisha, na nimekifunga pande zote mbili. Rangi yenyewe unaweza kuipata kwa vyombo tu: mi niko na sahani za emaye za zamani, nimezitundika pa ukuta na misumari, nikila natosha, nikimaliza narudisha. Hakuna kabati, na ukuta umejaa rangi.

Na moshi je, unatokea wapi? Kama hakuna tundu pale juu, rangi zote hizi ni bure.

Bijou_Katuba

Tundu hakuna, kuna nafasi kidogo kati ya ukuta na manjanja, lakini mwenye alikuwa mbele aliziba na nailo juu ya mvua 😳

Papa_Pinso

Toa hiyo nailo LEO. Mbele ya rangi, mbele ya kila kitu. Makala ikiwaka haionyeshe moshi lakini hewa yake inaua na haina harufu, unasikia tu kichwa kinauma na usingizi. Ukiogopa mvua, manjanja iongezwe irefuke nje, shimo libaki wazi. Na usiku wa baridi mbabula isiingie mu chumba ya kulala hata kama imebaki majivu.

Bijou_Katuba

Jamani, kumbe njo maana kichwa kinaniuma kila nikipika maharagwe, nilifikiri ni maharagwe. Nimetoa. Bwana yangu mwenyewe alipanda, hakucheka.

Mama_Tente

Aksanti Mungu. Ile kukimbia kwako mu jikoni haikuwa rangi tu mwanangu, mwili ulijua.

Na kama unatafuta mfano wa rangi, uliza wenye wamefika Makwacha, kijiji si mbali na hapa Lubumbashi. Bamama kule wanapaka nyumba zao za udongo kwa udongo wa rangi, wakati wa kipwa, maua, wanyama, mistari, kila mama na ukuta wake. Mvua inafuta, kipwa kingine wanapaka upya. Hakuna mwenye analia kwamba imefutika.

Bijou_Katuba

Bandugu, wiki tatu zimepita, nawapa habari.

Bayeri aliandika "hakuna shida ila usiniombe nipunguze loyer (kodi)" 😂. Kusugua kulichukua siku mbili na nusu, maji ilikuwa kama kahawa. Papa Pinso sikukusikia kila kitu, nikaharakisha pa kona moja nikapiga chokaa bila kuosha vizuri, na kweli kesho kutwa madoa ya chai hayo yametoka, nikakwangua nikaanza upya. Pa mbabula nimepaka rangi ya mafuta ya manjano. Kuta mbili nyekundu ya kichuguu, moja nyeupe, mulango buluu. Feza imetumika dola 38, zingine nimenunua sahani mbili za emaye za mtumba, moja iko na samaki mwekundu ndani.

Juzi nilipika kibwabwa na kalanga, kitondo pembeni, ile embe mbichi ya mama Tente, na bukari nyeupe katikati. Mi nilikaa kuiangalia mbele ya kula, na mule ndani nilikaa, sikukimbia. Bwana yangu alipiga foto akatuma kwa dada zake. Haisemi kitu lakini anakuja kuketi pa kiti ya jikoni jioni na redio yake.

Ila nilichemsha ngaingai, ile mboga chachu, sufuria ikapinduka, ukuta mweupe umepata doa kubwa la wekundu. Nimesoma penye siki inatoa madoa. Nipake?

Papa_Pinso

Usipake siki! Kitu kichachu kinakula chokaa, utapata shimo pa penye kulikuwa doa. Na ngaingai yenyewe ni chachu, kwa hiyo hapo imeshakula kidogo. Pangusa na maji matupu, acha ikauke siku mbili, lowesha, pitisha chokaa nyembamba mara mbili. Kama chokaa yako ilibakia mu beseni, tumia hiyo.

Bijou_Katuba

Ilibakia nusu. Sawa papa, Jumamosi.

Mama_Tente

Na ile ngaingai yenye haikumwagika ulipika na nini?