El Tri ya Mexico: huyu mzee wa sauti ya kukwaruza ana nini hasa?

Mpishi wa Zamu:
Wakuu, salaam. Nipo Houston, napiga mzigo jikoni mgahawani, wenzangu karibu wote ni Wamexico. Wageni wakishaondoka, tukianza kusugua masufuria, spika inawekwa bendi moja tu: El Tri. Mimi sikio langu limelelewa na dansi la Dar, gitaa linaongea taratibu. Huyu mwimbaji wao anapiga kelele kama kondakta wa Mbagala mwisho wa siku! Lakini jamaa wa grili, mtu mzima mwenye mvi, anaimba kila neno huku kafumba macho. Ukiomba abadilishe, ananuna. Nani anawajua hawa watu? Nianzie wapi kuwasikiliza?

Mtanga Ughaibuni:
Mkuu, umeuliza pazuri. Nilisoma Mexico City, na huyo mzee, Alex Lora, utamsikia kwenye basi, kwenye gereji, kwa muuza taco, zile chapati za mahindi zenye nyama.

Hao walianza 1968 kwa jina la Kiingereza, Three Souls in My Mind, na mwanzoni hata nyimbo zilikuwa za Kiingereza. Angalia mwaka huo. Tarehe 2 Oktoba jeshi liliwamiminia risasi wanafunzi pale Tlatelolco, siku kumi kabla ya Olimpiki kufunguliwa mji huohuo. Kuanzia hapo serikali ikawa inaogopa vijana wakikusanyika popote. Halafu Septemba 1971 likaja tamasha la roki la Avándaro, karibu na Valle de Bravo. Watu walifurika kupita matarajio yote, mvua, matope, bangi, wengine uchi. Three Souls ndio waliofunga jukwaa kumekucha. Magazeti yakachachamaa, na roki ikafungiwa milango: redioni hakuna, kumbi kubwa hakuna.

Hapa ndipo penye utamu. Bendi nyingi zilikufa au zikahamia muziki mwingine. Hawa wakashuka uswahilini, kwenye maghala matupu na majumba ya sinema yaliyochakaa pembezoni mwa jiji, sehemu walizoziita *hoyos fonkis*, yaani mashimo. Vyombo vibovu, joto, polisi wakivamia na kusomba watoto kwenye magari. Na lugha ikabadilika: Lora akaacha Kiingereza akaimba Kihispania cha mtaani, matusi yakiwemo, kuhusu askari mla rushwa, kukosa kazi, kuachwa na demu. Sikiliza "Abuso de autoridad", jina lenyewe ni matumizi mabaya ya madaraka. Fikiria kuimba hivyo enzi zile.

Miaka ya themanini Lora akatengana na mpiga ngoma wake, Charlie Hauptvogel, akaendelea na jina ambalo mashabiki walishalikatisha wenyewe: El Tri. Anza na albamu *Simplemente*, kisha *Niño sin amor* ya 1986. Ni bluzi ya kawaida, harmonika inalia pembeni, usitafute ufundi mkubwa wa gitaa. Jukwaani Lora anawatukana mashabiki, na wao wanamrudishia tusi la mama kwa pamoja, ukumbi mzima, wanacheka. Mgeni anaweza kudhani ugomvi umeanza.

Mzee wa Santuri:
Mtanga umewapamba mno. Mimi nakubali ya miaka ya sabini, ila kwa maoni yangu huyo mzee amekuwa akiuza wimbo uleule kwa miongo kadhaa. Siku hizi yuko kwenye televisheni ileile ambayo zamani ilijifanya haimuoni. Mtunzi hasa wa roki ya mjini alikuwa Rockdrigo González, kijana wa Tampico, gitaa na harmonika tu. Tetemeko la 19 Septemba 1985 lilimuua akiwa nyumbani kwake Mexico City, hajafika hata miaka 35. "Metro Balderas", ambao jamaa wa grili bila shaka anaujua, ni wa kwake, kuhusu mtu aliyempoteza mpenzi kituoni. El Tri waliuchukua tu, wakauongezea umeme. Sanamu ya Rockdrigo imo ndani ya kituo hichohicho cha Balderas.

Mtanga Ughaibuni:
Mzee wangu, kuuchukua "tu"? Bila El Tri, wangapi nje ya jiji lile wangeujua? Rockdrigo aliuandika, hilo halina ubishi. Lora ndiye aliyeupeleka vijijini hadi Chicago.

Dada wa Chopo:
Ninyi mtagombana hadi kesho. Mpishi, ukipata safari ya Mexico City, Jumamosi nenda soko la Chopo, karibu na stesheni ya Buenavista. Lilianza 1980 kwenye jumba la makumbusho lenye jina hilo, likafukuzwafukuzwa hadi likatulia hapo. Fulana nyeusi zimetundikwa kwenye nyavu, na ukienda mwisho kabisa utakuta watu wamesimama na rundo la santuri mkononi, hawauzi, wanabadilishana. Mwambie yeyote unataka albamu *Valedores juveniles* ya bendi ya El Haragán y Compañía, ya 1990, au chochote cha Banda Bostik. Hao ndio waliolelewa na El Tri, na mimi naona El Haragán anasimulia vizuri kuliko Lora. Beba chenji ndogondogo.