Naomba ushauri: mwanafunzi kaandika "atomi imefurahi", nimpe alama au nimkate?

Mwalimu wa Zamu
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia kidato cha sita. Juzi kwenye jaribio niliuliza maana ya "excited atom", alama 2. Kijana mmoja kaandika, kwa Kiingereza kilichonyooka kabisa, kwamba ni atomi yenye furaha nyingi kwa kuwa imepata nishati. Nikampa sifuri. Kesho yake kanifuata ofisini na daftari la Kiingereza: excited ni "kuwa na furaha sana", imeandikwa na mwalimu wake wa somo hilo!

Sasa nani kakosea? Na ninyi kwa Kiswahili mnalielezaje? Mimi nikisema "atomi imesisimka", nyuma ya darasa wanaanza kukohoa.

Elektroni Huru
Sifuri ni haki yake. Furaha haina kipimo, kusisimka kwa atomi kunacho. Elektroni ya haidrojeni ikiwa ngazi ya chini kabisa ya nishati inahitaji eV 10.2 (eV ni kipimo cha nishati ya vitu vidogo hivi) ili ipande ngazi ya pili. Ukiiletea fotoni, yaani chembe ya mwanga, ya eV 9, inapita zake kama basi lisilo na kituo hapo. Na ikishapanda haikai: ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde imeshuka na kuitema ile nishati kama mwanga. Furaha gani hiyo?

Kesho beba chumvi ya jikoni, nyunyiza kwenye moto wa gesi. Ule umanjano ni elektroni za sodiamu iliyomo kwenye chumvi zinashuka ngazi, mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 589, rangi ileile ya zile taa za zamani za barabarani.

Mama Sarufi
Nafundisha Kiingereza, kwa hiyo jiwe limerushwa kwetu. Mwenzangu hakudanganya, amefupisha mno. Furaha ni happy. Excited ni mtoto usiku wa kuamkia Idi: nguo mpya imetundikwa, hajaivaa, na usingizi hauji. Akishavaa na kula pilau, hapo ndipo anakuwa happy. Tena si lazima jambo liwe zuri. Daktari akimwambia mgonjwa wa moyo asiwe excited hamkatazi kufurahi, anamkataza kupandwa na jazba.

Neno lenyewe asili yake ni Kilatini, excitare, yaani kuamsha, kuchochea. Mtoto wa Idi kaamshwa, atomi imeamshwa. Wote wametolewa kwenye utulivu wao.

(Na mkishamaliza hilo, waambieni watoto waache kuandika "I am exciting". Hapo wanajisifu kwamba wao ndio wanaosisimua watu.)

Fundi Spana
Mama Sarufi kanikumbusha kitu. Jenereta likikaa sana bila kuwashwa, injini inaunguruma vizuri ila umeme hakuna, kwa sababu ile sumaku kidogo inayobaki kwenye chuma imepotea. Tunagusisha betri ya volti 12 kwenye koili ya sumaku kidogo tu, umeme unarudi. Kwenye vitabu vyao wanaiita excitation. Mimi vijana wangu nawaambia "liamsheni". Hakuna anayekohoa.

Mshi wa Bujumbura
Afadhali ninyi na Kiingereza. Huku kwenye Kifaransa, mtu mzima akisimama kwenye mkutano akasema yeye ni "excité" kukutana nanyi, kina mama wanatazama chini. Kwa atomi tunalitumia bila shida yoyote.

Mwalimu wa Zamu
Aisee, asanteni. Nimempa 1 kwa "imepata nishati", hiyo nyingine ibaki kwangu. Na kuanzia Jumatatu ni "atomi iliyoamshwa". Chumvi nimeshanunua.

Elektroni Huru
Mkuu, iwe kavu tu. Yenye unyevu inapasuka kwenye moto, itakurukia usoni mbele ya darasa.