Mtu mzima kuvaa sare na kutongoza mwanafunzi, hiyo ni komedi ya kuangalia na watoto?

Isevya: Wadau jana usiku hapa Tabora tumeangalia Hiding Out ya 1987. Jon Cryer ni dalali wa hisa Boston, mafia wanamsaka asitoe ushahidi, anakimbilia Delaware, ananyoa ndevu anajiandikisha sekondari anakosoma binamu yake, hata jina kalitoa kwenye kopo la kahawa. Tumecheka mpaka pale anapoanza mapenzi na binti wa shule. Mwanangu wa form two akanigeukia. Nikazima. Mke wangu anasema nimezidisha, nyie mnaonaje?

Mwanga Kigoma: Umezidisha mkuu. Cryer mwenyewe kazaliwa 1965, alikuwa kijana tu. Halafu stori haiwezekani, mtu wa kunyoa ndevu wangemshtukia siku ya kwanza mstarini.

Cheyo: Wazee wetu Tabora Boys wangapi walikuwa na ndevu? Zamani watu walianza shule wakubwa, Nyerere aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, 1934 ana miaka 12, hapa Tabora akaja 1937. Nyie wa mwisho wa reli mtajulia wapi haya.

Mwanga Kigoma: Mwisho wa reli kwa nani? Kwetu reli ndo inaanza. Imefika ziwani tangu 1914, kila siku mnaturudishia hilo neno kama sisi ni watu wa porini, acheni dharau kabisa.

Mama wa Ujiji: Mnagombania reli. Mdogo wangu alipewa mimba form three na mwanaume mzima aliyekuwa anamvizia njiani kavaa sare, anajidai anasoma shule nyingine, na sisi nyumbani tulimkaribisha chai tukijua ni mtoto mwenzake. Ilikuwa kabla ya waraka wa 2021 wa kuruhusu wanafunzi waliojifungua kurudi shule, kwa hiyo shule ndo ikaishia hapo. Baba Isevya ulifanya vizuri kuzima.

Mwanga Kigoma: Pole sana dada. Ila kwenye filamu hakuna aliyepewa mimba, jamaa anaokoa roho yake.

Mama wa Ujiji: Kujificha ajifiche, nani kamkataza? Mapenzi ya nini? Yule binti, Annabeth Gish, kazaliwa 1971, piga hesabu alikuwa na miaka mingapi.

Cheyo: Hapa kwetu ukimpa mwanafunzi mimba ni miaka 30 jela, sheria ya 2016 hiyo. Na wewe Mwanga, treni yenu inapita Tabora, njia panda ya Mwanza na Kigoma ni hapa, hilo hulijibu.

Isevya: Jamani. Asubuhi binti yangu kaniuliza, yule dada alikuja kuambiwa ukweli au alidanganywa mpaka mwisho? Sijamjibu. Nafikiria leo tumalizie wote, mama yake akiwepo, tuongee.

Mama wa Ujiji: Malizieni. Mdogo wangu hakuna aliyewahi kukaa naye akamuuliza hivyo.

Mwanga Kigoma: Cheyo njia panda si mwanzo wa reli, usichanganye.