Galla Placidia aliishikilia Roma au aliizamisha?

Kibatari: Wakuu, huyu binti wa Kaizari Theodosius wa Kwanza aliongoza Dola ya Roma ya Magharibi kuanzia mwaka 425 kwa niaba ya mwanawe, Valentinian wa Tatu, mtoto wa miaka sita. Yuko madarakani, Wavandali, kabila la Kijerumani, wakavukia Afrika ya Kaskazini ya Waroma 429. Karthago, mji mkuu wa huko, ikaenda 439, pamoja na ngano iliyokuwa ikiilisha Roma. Kwangu mimi, mama ndiye aliyezamisha jahazi. Nipingeni.

Binti wa Mwalimu: 439 huyo "mtoto" ana miaka 20 na mke ndani. Bado kosa la mama?

Mlinzi wa Zamu: Mnapoteza muda. Mwanamke alitekwa na Wagothi walioipora Roma, akaolewa na mfalme wao Alaric, kisha akarudishwa kwao kwa kubadilishwa na ngano. Wa kupimwa kwa vibaba ndiye wa kutawala?

Ngalawa: Alaric alikufa 410. Aliyemwoa ni Athaulf, shemeji wa Alaric, mjini Narbonne, 414.

Binti wa Mwalimu: Mlinzi, kwenu mnapeleka ng'ombe wangapi? Au ng'ombe ni heshima, ngano ndiyo aibu?

Mlinzi wa Zamu: Usiniletee ng'ombe wa kwetu. Mahari ni mahari, ile ilikuwa fidia.

Ngalawa: Mahari nayo ilikuwepo. Vijana 50 waliovaa hariri, kila mmoja na sinia mbili: moja dhahabu, moja vito.

Mlinzi wa Zamu: Vilivyokwapuliwa Roma! Mtu anavunja nyumba ya kaka yako, anakuja kukuposa kwa vyombo vya humo humo, na wewe unapiga vigelegele?

Binti wa Mwalimu: 😂 Hapo sina jibu. Ila umeguswa, inaonekana kuna ukweni unadaiwa.

Mlinzi wa Zamu: Deni langu halikuhusu, dada.

Kibatari: Jamani, Afrika! Bonifacius na Aetius, majenerali wake mwenyewe, walipigana ndani ya Italia 432, Bonifacius akafa kwa majeraha. Mtawala gani anaacha hayo?

Ngalawa: Asiye na jeshi lake. Mtawala wa kike alisaini, wanaume ndio walioshika panga. Na mwanawe alibaki kwenye kiti mpaka mama anafariki 450, jambo ambalo wavulana wengi wa kifalme hawakulipata.

Mlinzi wa Zamu: Ngoja kwanza. Zile sinia 100, Athaulf alipouawa 415, zilibaki kwa nani?